Glenn Seaborg na Kemia ya Elementi Nururifu: Ufanisi wa Kutenga na Mzigo wa Mabaki

Utangulizi

Jina la Glenn Theodore Seaborg halitajwi sana nje ya madarasa ya kemia, ilhali kazi yake imegusa maisha ya watu wengi ambao hawajawahi kulisikia. Mgonjwa wa tezi ya shingoni anayetibiwa kwa iodini nururifu ananufaika na isotopu ambayo Seaborg alishiriki kuivumbua. Chombo cha angani kinachosafiri mbali na mwanga wa jua kinapata umeme kutokana na plutoniamu, elementi aliyoitambua pamoja na wenzake. Aidha, bomu lililouangamiza mji wa Nagasaki mnamo tarehe 9 Agosti 1945 lilikuwa la plutoniamu hiyo hiyo.

Makala haya yanafafanua safari ya kitaaluma ya mwanakemia huyo, kuanzia maabara ya chuo kikuu hadi viwanda vya kuchakata fueli ya nyuklia. Hoja inayoendelezwa ni kwamba taaluma ya Seaborg, tangu mwanzo hadi mwisho, ilikuwa taaluma ya kutenga: kuitoa elementi moja katika mchanganyiko wa nyingine nyingi. Ufanisi wake katika kutenga ulikuwa mkubwa mno. Hata hivyo, kila kitu kinapotengwa huacha mabaki, na mabaki ya kazi hii yangali yanalindwa hadi leo. Atakayeitathmini kemia ya nyuklia kwa haki hana budi kuyapima yote mawili: kile kilichotolewa na kile kilichoachwa.

Istilahi Muhimu

Kabla ya kuendelea, ni vyema kufafanua istilahi chache. Atomu huwa na kiini ambacho kina protoni na neutroni, na kiini hicho huzungukwa na elektroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi: uraniamu ina protoni 92, neptuniamu 93, plutoniamu 94. Atomu za elementi moja zinaweza kutofautiana kwa idadi ya neutroni, nazo huitwa isotopu. Kwa mfano, plutoniamu-238 na plutoniamu-239 ni isotopu mbili za elementi moja.

Elementi nururifu ni ile ambayo viini vyake havina uthabiti, hivyo huvunjika vyenyewe huku vikitoa mionzi. Muda unaohitajika ili nusu ya viini hivyo ivunjike huitwa nusu-uhai. Nusu-uhai ya iodini-131 ni siku nane tu, ilhali ile ya plutoniamu-239 ni takriban miaka 24,100. Mpasuko wa nyuklia nao hutokea pale kiini kizito, kama vile cha uraniamu-235, kinapogongwa na neutroni kikagawanyika vipande viwili na kutoa nishati nyingi pamoja na neutroni nyingine. Vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa mazao ya mpasuko, na vingi kati ya hivyo ni nururifu kupindukia.

Malezi na Masomo

Seaborg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1912 katika mji mdogo wa uchimbaji madini wa Ishpeming, jimbo la Michigan nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Uswidi, na Kiswidi ndicho kilichozungumzwa nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka 10, familia ilihamia California, karibu na Los Angeles. Huko, mwalimu wake wa kemia katika shule ya upili, Dwight Logan Reid, ndiye aliyemtia ari ya kuipenda sayansi. Familia haikuwa na uwezo mkubwa wa kifedha, kwa hivyo kijana huyo alifanya kazi za sulubu, ikiwemo ya kupakua mizigo bandarini, ili kujikimu masomoni.

Baada ya kuhitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kupata shahada ya uzamifu mwaka 1937. Berkeley wakati huo ilikuwa na kifaa kilichokuwa nadra ulimwenguni: saiklotroni, mashine iliyobuniwa na Ernest Lawrence kwa ajili ya kuzipa chembe za atomu kasi kubwa na kuzigongesha kwenye shabaha. Wanafizikia waliiendesha mashine hiyo, lakini baada ya kila mgongano palibaki swali la kikemia: ni kitu gani kipya kilichozaliwa ndani ya shabaha, na kitatolewaje? Hapo ndipo Seaborg alipopata nafasi yake.

Mwaka 1938, yeye na mwanafizikia John Livingood walivumbua iodini-131. Daktari mtafiti Joseph Hamilton alikuwa akitafuta isotopu ya iodini yenye nusu-uhai ya takriban juma moja, kwa sababu zile zilizokuwepo ziliisha upesi mno kuweza kumfaa mgonjwa. Iodini-131, yenye nusu-uhai ya siku nane, ilijibu haja hiyo. Miaka ya baadaye, mamake Seaborg mwenyewe alitibiwa kwa isotopu hiyo, na maisha yake yakarefushwa. Katika mwaka uo huo wa 1938, Seaborg na Emilio Segrè waliitambua teknetiamu-99m, ambayo leo ndiyo isotopu inayotumika zaidi duniani katika kupiga picha za viungo vya ndani kwa njia ya mionzi.

Kutambuliwa kwa Plutoniamu

Mnamo Januari 1939, habari zilifika Berkeley kwamba Otto Hahn na Fritz Strassmann, wanakemia wa Berlin, walikuwa wamegundua kuwa uraniamu ikigongwa na neutroni hupasuka. Inasimuliwa kwamba Seaborg alitembea barabarani kwa saa nyingi usiku huo, huku furaha ya ugunduzi ikichanganyika na uchungu wa kutong'amua jambo hilo yeye mwenyewe.

Mwaka 1940, Edwin McMillan na Philip Abelson waliitambua elementi ya 93, neptuniamu. McMillan alianza kuitafuta elementi ya 94, lakini akaitwa kushiriki katika utafiti wa rada wa wakati wa vita. Kwa ridhaa yake, Seaborg aliichukua kazi hiyo pamoja na Joseph Kennedy na mwanafunzi wake Arthur Wahl. Desemba 1940 waliigonga uraniamu kwa chembe za deuteroni katika saiklotroni. Usiku wa tarehe 23 kuamkia tarehe 24 Februari 1941, katika chumba nambari 307 cha jumba la Gilman, Wahl alifaulu kuonyesha kikemia kwamba mionzi waliyokuwa wakiipima haikutoka kwa uraniamu, wala neptuniamu, wala elementi nyingine yoyote iliyojulikana. Ilikuwa elementi ya 94.

Isotopu waliyoitambua usiku huo ilikuwa plutoniamu-238. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Machi 1941, Seaborg, Kennedy na Segrè walithibitisha kwamba isotopu nyingine, plutoniamu-239, hupasuka inapogongwa na neutroni za mwendo wa polepole, sawa na uraniamu-235. Uthibitisho huo ulibadilisha mambo. Uraniamu-235 ni chini ya asilimia moja ya uraniamu ya asili, na kuitenga na uraniamu-238 ni kazi ngumu kwa sababu zote mbili ni elementi moja na tabia zao za kikemia ni zile zile. Plutoniamu, kwa upande mwingine, ni elementi tofauti kabisa na uraniamu. Kwa hivyo, iliwezekana kuitenga kwa kemia ya kawaida ya maabara: asidi, mashapo na uchujaji. Matokeo hayo yalifichwa na hayakuchapishwa hadi mwaka 1946.

Kutoka Mikrogramu hadi Kiwandani

Tarehe 19 Aprili 1942, siku alipotimiza miaka 30, Seaborg aliwasili Chicago. Alikabidhiwa jukumu la kubuni njia ya kutenga plutoniamu kwa kiwango cha kiwanda, chini ya mpango wa siri wa serikali ya Marekani wa kuunda bomu la atomu, uliojulikana kama Mradi wa Manhattan. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameiona plutoniamu kwa macho. Ilijulikana tu kwa mionzi yake.

Kikundi chake kilianza kwa kutumia vifaa vidogo mno: mirija myembamba kama unywele, mizani za kupimia vitu visivyoonekana, na darubini. Tarehe 20 Agosti 1942, Burris Cunningham na Louis Werner walipata kampaundi ya kwanza ya plutoniamu iliyoonekana kwa macho. Tarehe 10 Septemba mwaka huo waliipima kwa mara ya kwanza: mikrogramu 2.77 za oksidi ya plutoniamu. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kutokana na ujuzi uliopatikana kwa chembe kama hizo, kiwanda kizima kilitarajiwa kujengwa. Ukubwa wa kazi ulipaswa kuongezwa takriban mara bilioni moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa hapakuwa na muda wa kujaza polepole. Wanasayansi wengi waliamini kwamba Ujerumani ya Hitler ilikuwa mbioni kuunda bomu kama hilo.

Njia iliyochaguliwa ilivumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1942 na Stanley Thompson, rafiki wa Seaborg tangu shule ya upili. Ilitegemea fosfeti ya bismuthi, na mantiki yake ni rahisi kueleweka. Plutoniamu inaweza kuwa katika hali mbalimbali kulingana na idadi ya elektroni ilizopoteza. Ikiwa imepoteza elektroni nne, hushikamana na fosfeti ya bismuthi na kutuama nayo chini kama mashapo. Ikiwa imepoteza sita, hubaki katika mmumunyo. Kwa hivyo, hatua zilikuwa kama zifuatazo:

Kwanza, vipande vya uraniamu vilivyotolewa katika kinu cha nyuklia viliachwa kwa majuma kadhaa ili mionzi mikali zaidi ipungue, kisha vikayeyushwa katika asidi ya nitriki. Pili, fosfeti ya bismuthi ilifanywa ituame katika mmumunyo huo. Plutoniamu ikashuka nayo, ilhali uraniamu na sehemu kubwa ya mazao ya mpasuko zikabaki juu na kuondolewa. Tatu, mashapo hayo yaliyeyushwa tena, na plutoniamu ikabadilishwa kuwa katika ile hali ya kupoteza elektroni sita. Nne, fosfeti ya bismuthi ilituamishwa kwa mara nyingine. Safari hii uchafu uliosalia ndio ulioshuka, nayo plutoniamu ikabaki katika mmumunyo. Mzunguko huo ulirudiwa hadi plutoniamu ilipokuwa safi ya kutosha, na mwishowe floridi ya lanthanamu ikatumiwa kuikusanya.

Kazi hii inafanana na ya mpepetaji anayegeuza ungo mara hii na mara ile hadi punje zijitenge na pumba. Tofauti ni kwamba katika kila tani ya uraniamu plutoniamu haikuzidi gramu mia chache, na mpepetaji hakuweza kusogea karibu na ungo wake. Mionzi ilikuwa kali kiasi cha kumuua mtu kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo, viwanda vya kutenga vilivyojengwa Hanford, jimbo la Washington, vilikuwa majengo ya saruji yenye urefu wa zaidi ya mita 200 na kuta nene kupindukia. Wafanyakazi waliendesha mitambo kwa mbali, wakitazama kwa vioo maalumu na kunyanyua vifaa kwa kreni. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi Desemba 1944. Mwanzoni mwa Februari 1945, plutoniamu ya kwanza ya Hanford ilikuwa imefika Los Alamos, mahali bomu lilipokuwa likiundwa.

Ikumbukwe kwamba uraniamu iliyotumika haikuchimbwa Marekani pekee. Sehemu kubwa ya uraniamu ya Mradi wa Manhattan ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, eneo la Katanga, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Kongo ya Kibelgiji. Madini ya mgodi huo yalikuwa na uraniamu kwa kiwango cha juu kisicho cha kawaida. Mnamo 1940, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zisafirishwe hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Lugha ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Wachimbaji waliozungumza lugha hiyo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuishika mikononi malighafi ya enzi ya nyuklia, ingawa hawakuambiwa ilikuwa ikienda wapi wala kufanya nini. Majina ya wanakemia wa Chicago yamehifadhiwa. Ya wachimbaji hao ni nadra kuandikwa popote.

Nadharia ya Aktinidi

Kiwanda kilipokuwa kikijengwa, Seaborg alirudia swali la kinadharia. Kikundi chake kilikuwa kikizitafuta elementi za 95 na 96 bila mafanikio. Kosa lilikuwa katika ramani yenyewe. Jedwali la elementi la wakati huo liliweka thoriamu, protaktiniamu na uraniamu chini ya metali kama vile hafniamu, tantalamu na tungsteni. Kwa hivyo, ilidhaniwa kwamba elementi mpya zingekuwa na tabia zinazofanana na plutoniamu, na njia za kuzitenga zilibuniwa kwa kufuata dhana hiyo.

Mwaka 1944, Seaborg alipendekeza kwamba elementi zinazoanzia aktiniamu, nambari 89, ni kundi moja linalopaswa kupangwa chini ya lanthanidi, zile zinazoitwa metali adimu za ardhini. Akaliita kundi hilo aktinidi. Baadhi ya wanakemia wakubwa walimshauri asichapishe wazo hilo, wakihofia kwamba lingeliharibu jina lake. Baadaye alipenda kusema kwa mzaha kwamba hakuwa na jina la kuharibika. Nadharia hiyo ilipofuatwa maabarani, elementi zilizokuwa zikitafutwa zilipatikana: kuriamu (96) katika kiangazi cha 1944, na amerikiamu (95) miezi michache baadaye. Uvumbuzi huo ulitangazwa kwa umma kwa njia isiyotarajiwa, yaani katika kipindi cha redio cha watoto mnamo tarehe 11 Novemba 1945, mtoto mmoja alipomwuliza Seaborg iwapo kulikuwa na elementi mpya zaidi.

Kila jedwali la elementi linalotundikwa leo katika darasa la shule ya upili lina safu mbili zilizotengwa chini yake. Safu ya pili ni kazi ya nadharia hiyo. Fauka ya hayo, nadharia iliwawezesha Seaborg, Albert Ghiorso, Thompson na wenzao kutabiri tabia ya elementi kabla hazijapatikana. Berkeliamu ilipatikana 1949, kaliforniamu 1950, kisha einsteiniamu na fermiamu, ambazo zilionekana kwanza katika vumbi la jaribio la bomu la haidrojeni la Novemba 1952. Mwaka 1955 mendeleviamu ilitambuliwa kwa atomu 17 tu. Kutoka tani za Hanford hadi atomu 17, ustadi ulikuwa ule ule: kujua mapema kitu kitajitenga wapi. Mwaka 1951 Seaborg na McMillan walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Huko Stockholm, Seaborg alizungumza kwa Kiswidi alichofundishwa na mamake.

Dhamiri na Madaraka

Je, mwanakemia huyu aliyaonaje matokeo ya kazi yake? Mnamo Juni 1945, Ujerumani ikiwa tayari imeshindwa, kamati ya wanasayansi saba wa Chicago iliyoongozwa na James Franck iliandika ripoti kwa serikali. Seaborg alikuwa mmoja wao. Ripoti ilipendekeza kwamba bomu lisiangushwe kwa ghafla juu ya Japani, bali nguvu zake zionyeshwe kwanza mbele ya wawakilishi wa mataifa mahali pasipo na watu. Ilitahadharisha pia kwamba siri ya nyuklia haingedumu, na kwamba matumizi ya ghafla yangezua mashindano ya silaha. Mapendekezo hayo hayakufuatwa. Bomu la Nagasaki lilikuwa na takriban kilogramu sita za plutoniamu iliyotengwa Hanford, nalo liliua makumi ya maelfu ya watu.

Tukio hili linadhihirisha mipaka ya uwezo wa mtaalamu. Aliyeweza kuitenga plutoniamu kutoka kwa maelfu ya sehemu za uraniamu hakuweza kuitenga na matumizi yake. Uamuzi ulikuwa umekwisha kutoka maabarani na kuingia ofisini.

Huenda hilo ni miongoni mwa mambo yaliyomfanya Seaborg asikwepe ofisi. Kati ya 1958 na 1961 alikiongoza Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kutoka 1961 hadi 1971 alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomu ya Marekani, akiwatumikia marais watatu: Kennedy, Johnson na Nixon. Aliunga mkono mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia angani, majini na katika anga za juu, na alihudhuria utiaji sahihi wake mjini Moscow. Wakati huo huo, alikuwa mtetezi mkubwa wa umeme wa nyuklia, na aliamini kwamba plutoniamu ingetengwa kutoka kwa fueli iliyotumika na kurudishwa vinuni kama fueli mpya.

Mabaki

Matumaini hayo yalikutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni kwamba ustadi wa kutenga hauchagui nia. Njia ya fosfeti ya bismuthi ilifuatwa na njia bora zaidi, PUREX, iliyoanza kutumika Marekani katika miaka ya 1950. Katika njia hiyo, uraniamu na plutoniamu huvutwa kutoka kwenye asidi kwa kutumia kemikali iitwayo tributili fosfeti, iliyochanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa. Mazao ya mpasuko hubaki katika asidi. PUREX ndiyo msingi wa kiwanda cha La Hague nchini Ufaransa, ambako fueli iliyotumika huchakatwa ili kuzalisha umeme. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo iliyoipa India plutoniamu ya jaribio lake la nyuklia la mwaka 1974. Kwa kuhofia kuenea kwa silaha, Rais Jimmy Carter aliahirisha uchakataji wa kibiashara nchini Marekani mnamo 1977, na shughuli hiyo haijafufuka huko kwa kiwango cha maana.

Kikwazo cha pili ni taka. Njia ya fosfeti ya bismuthi ilihitaji kemikali nyingi katika kila hatua, na kila hatua ilizalisha maji machafu nururifu. Aidha, iliitupa uraniamu yote pamoja na uchafu. Katika hali ya vita, taka hizo ziliwekwa katika matangi ya chuma na saruji yaliyofukiwa ardhini, kwa nia ya kutafuta suluhisho baadaye. Uzalishaji uliendelea kwa miongo kadhaa baada ya vita, na hatimaye Hanford ikawa na matangi 177 yenye takriban lita milioni 200 za taka. Zaidi ya matangi 60 miongoni mwayo yanaaminika kuwa yamewahi kuvuja, katika eneo ambalo mto Columbia unapita. Shughuli rasmi ya kusafisha ilianza 1989. Mojawapo ya njia zinazotumiwa ni kuzichanganya taka na malighafi ya kioo, kuziyeyusha na kuzigandisha ziwe vipande vigumu visivyoweza kutiririka. Kazi hiyo inatarajiwa kuchukua miongo mingi zaidi.

Huko Shinkolobwe pia palibaki mashimo na vifusi. Mnamo Januari 2004 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji mahali hapo, lakini Julai mwaka uo huo sehemu ya mgodi ilibomoka na kuwaua wachimbaji wadogo waliokuwa wakitafuta riziki humo.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuyataja mabaki na kuyasahau manufaa. Plutoniamu-238, isotopu ile ya usiku wa Februari 1941, imeviendesha vyombo vya Voyager tangu 1977 na gari la Perseverance lililorushwa kuelekea Mirihi mwaka 2020. Amerikiamu-241 imetumika katika vifaa vya kutambua moshi majumbani na kuokoa maisha wakati wa moto. Iodini-131 na teknetiamu-99m zinatumika katika hospitali za mabara yote.

Hitimisho

Elementi ya 106, iliyotambuliwa mwaka 1974 na kikundi ambacho Seaborg alishiriki, ilipewa rasmi jina la seaborgiamu mnamo 1997 baada ya mabishano, kwa kuwa haikuwa desturi kuipa elementi jina la mtu aliye hai. Seaborg alifariki tarehe 25 Februari 1999, akiwa ameshiriki katika uvumbuzi wa elementi kumi.

Suala alilolishughulikia halijafa. Nchini Kenya, serikali imekuwa na azma ya kujenga kituo cha umeme wa nyuklia, na Sheria ya Nishati ya 2019 iliunda wakala wa kusimamia mpango huo. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga ujenzi katika eneo lao la uvuvi. Kinu cha umeme si kiwanda cha bomu, wala nchi yenye kinu hailazimiki kuchakata fueli yake. Lakini kila kinu huzalisha fueli iliyotumika, ambayo ndani yake mna plutoniamu na mazao ya mpasuko, na fueli hiyo lazima ihifadhiwe mahali fulani, na mtu fulani, kwa muda mrefu kuliko uhai wa serikali yoyote. Swali la ni nani atakayeyalinda mabaki linastahili kujibiwa kabla ya kinu kujengwa, na kujibiwa kwa lugha ambayo mvuvi wa Uyombo anaielewa. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuulizwa kwa lugha yoyote. Kiswahili kina uwezo wa kulibeba swali hilo pamoja na kemia yake yote. Ni jukumu la wasomi wake kuhakikisha kwamba linaulizwa mapema.